Helikopta Iliyomhamisha Koko

Wakati wa vita, kila nyumba ya kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, ilikuwa na mzigo wake wa kukimbia, umefungwa tayari na kuwekwa karibu na mlango. Ukiingia kwa watu, kabla ya kuona kiti uliona mzigo. Ndani mlikuwa na sufuria, kitenge, chumvi, kadi za ubatizo, sabuni kama ilipatikana. Jirani mmoja alifunga na kuku kabisa, na kuku huyo alizeekea humo bila kuelewa kosa lake. Sisi pia tulikuwa na mzigo. Lakini juu ya mzigo wetu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo, helikopta.

Si ile ya kubeba watu. Ilikuwa na urefu wa mbuzi aliyelala, na injini ya ukubwa wa ngumi. Mafuta yake yalinuka kama hospitali. Uliiongoza ukiwa umesimama mbali, kwa kisanduku chenye antena na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Mwenyewe alikuwa mgeni mmoja, fundi wa garaji ya misheni, na papa, baba yangu, alikuwa dereva wa lori lake. Jumamosi aliirusha juu ya kiwanja cha mpira. Mimi mtoto niliikimbilia kutoka goli hadi goli, shingo juu, hadi nikagonga nguzo ya goli na kulala chini nikiendelea kuitazama. Tangu siku ile nilijua nitakuwa rubani. Jino lililovunjika sikulijali.

Vita vya kwanza vilipofika, yule fundi alipanda boti na nguo alizovaa tu. Akamwambia papa: "Nitunzie sanduku." Na papa ni mtu ambaye ukimwambia akutunzie mate, atatafuta kifuniko. Tulipokimbilia upande wa Lubondja, wenzetu walibeba magodoro na mbuzi. Papa alibeba helikopta kichwani. Nyuma yake Koko, yaani mama yake papa, alikwenda akisema njia nzima:

"Bantu banabeba chakula, we unabeba elikopta! Basi iwashe, itubebe sisi!"

Baadaye tulirudi Baraka, na papa akavuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi. Pale ufukweni alinishika bega. "Nakuachia vitu viwili," aliniambia, "Koko na sanduku. Nikirudi, nivikute vyote."

Wakati ule nilikuwa kijana wa kutengeneza radio sokoni. Shule yetu ilipoteza paa kabla sijaimaliza, na fundi radio mmoja alinifundisha kazi. Vita vya pili vilikuwa vimeanza, lakini vita navyo vina siku zake za kupumua, na katika siku kama hizo, asubuhi moja nzuri, nilifungua sanduku. Nikaweka baterie za radio. Nikafunga yale mapanga mawili ya mbao yanayozunguka juu. Nikajaza mafuta kutoka kwenye bidoni ndogo iliyoachwa humo. Nikavuta kamba kama nilivyomwona yule fundi akivuta.

Ikawaka! Lakini haikupanda. Ilitetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa malaria, ikaanza kutembea kando kando kwenye lupango, ua wetu, ikigonga kuta za jiko kwa mkia, na mapanga yakipiga hewa: pwa! pwa! pwa! pwa! Nilicheka, niliruka, nilipiga kelele kwa furaha. Rubani!

Nilipoizima, kimya kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Nilitoka barabarani. Sufuria zilichemka bila wenyewe. Radio ya mtu ilisema habari peke yake. Kanisani, ambako kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, ngoma ilikuwa bado inabingirika. Kartie nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa imekimbia, na mizigo yote ya milangoni ilikuwa imekwenda nayo.

Niliwafuata hadi shamba la mihogo nyuma ya nyumba za mwisho. Kutoka chini ya majani, shefu wa kartie, mzee mpole mwenye kofia asiyoivua hata akilala, alininong'oneza:

"We kijana, lala chini! Elikopta imeenda?"

"Haijaenda, shefu."

"Iko wapi?"

"Iko kwetu. Mu lupango."

Kisha kichwa kimoja kikainuka, kingine, kingine, na kila kichwa kikinitazama vibaya. Cha mwisho kilikuwa cha Koko. Alikuwa ameanguka kwenye mfereji, goti limevimba kama papai.

Jioni hiyo hiyo Koko alikunja mkeka wake. Hakulia, hakugomba. Alisema tu, taratibu, jambo lililoniumiza zaidi:

"Mutoto wangu, mi na ile kitu hatulali nyumba moja. Usiku nikisikia hata panya, nitafikiri njo hiyo. Mi naenda kwa mama jirani. Siku utakapoitoa, nitarudi."

Mama jirani alikuwa muuza ndagala, yaani dagaa, mwenye moyo mkubwa na nyumba ndogo. Koko alilala kwake, miguu ikitoka mlangoni. Na mimi nikabaki na sanduku, nikimkumbuka papa: vitu viwili, nivikute vyote. Nikitupa sanduku, nimepoteza kimoja. Nikilihifadhi, Koko anazeekea kwenye mlango wa watu.

Shefu alikuja kukata shauri. Watu walitaka sanduku liende ziwani siku hiyo hiyo, lakini yeye aliniheshimu kidogo kwa sababu radio yake ilikuwa kwangu, haijamalizika. Alisema: "Jumapili, bantu bakitoka kanisani, utaiwasha mbele yetu wote. Kama mutu hata mumoja atakimbia, samaki ndio watairusha. Kama hakuna atakayekimbia, ni mali ya papa yako, ikae."

Hapo ndipo nilipoketi na kufikiri kwa akili ya fundi radio. Helikopta ile ile, mikononi mwa yule mgeni, ililia kama cherehani. Hakuna mtu aliyeikimbia. Kwa nini kwangu ilie kama vita? Kwa sababu ilikuwa mgonjwa. Ilitetemeka, na kile kilichoitetemesha ndicho kilichoipa sauti mbaya. Nikiponya mtetemeko, nimeponya sauti. Nikiponya sauti, Koko anarudi. Nilifurahi sana kwa hesabu hiyo, hadi nikasahau kwamba sijui pa kuanzia.

Nilianza na skrubu. Nilikaza zote. Nikavuta kamba: pwa! pwa! Nje nikasikia miguu ya watu. Nikatoa ule mti wa chuma uliosimama katikati, unaobeba mapanga, nikaubingirisha juu ya kioo changu cha kujitazamia ili nione kama umepinda. Ulibingirika vizuri, hauna kosa. Nikaurudisha. Pwa! pwa! Miguu tena.

Kabla ya kila jaribio nilipita nyumba kwa nyumba nikitangaza: "Ni mimi! Nawasha sasa, musikimbie, ni mimi!" Waliitikia vizuri, wengine hata walinitakia heri. Halafu nilipowasha, walikimbia. Nilimuuliza mama jirani sababu. Alikuwa anarudi kutoka shambani na beseni la ndagala kichwani, hajaangusha hata mmoja.

"Tunajua ni weye," alisema akihema. "Lakini miguu haijui."

Ndipo nikakumbuka jambo. Yule mgeni, kabla ya kurusha, alikuwa akiyafungua mapanga, anayaunganisha mashina kwa mashina na kuyaning'iniza kwenye kitu chembamba, kama mizani ya dukani. Nami nikafanya hivyo. Nilipitisha sindano ya Koko ya kushonea mikeka katikati, nikaiegemeza juu ya bilauri mbili. Panga moja likashuka hapo hapo: to! Nikalirudisha juu. To! Lilikuwa zito kuliko mwenzake, na si kidogo.

Na lilikuwa tofauti kwa sura pia. Moja lilivaa ngozi nyeupe ya plastiki, nyororo, inayong'aa. Lingine lilikuwa uchi, rangi ya kahawia, na ndilo zito. Mtauliza, je, hukuona tangu mwanzo? Niliona. Lakini nilifikiri ndivyo yanavyotengenezwa huko kwao, moja jike na moja dume.

Nilijua la kufanya: jepesi liongezwe uzito. Nilikuwa na tepu ya umeme, nyekundu na nyeusi, ya kazi ya radio. Nikaifunga nyeusi kwenye panga jepesi, nikafunga, nikafunga, hadi lilionekana kama mkono uliovunjika. Kwenye sindano yakalingana! Nikawasha kwa shangwe. Mapanga yaliposhika mwendo, furushi la tepu lilichomoka, likaruka ukuta na kutua katikati ya sufuria ya mama jirani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa ameshakimbia, kwa hiyo alilikuta baadaye, wakati wa kula. Alilirudisha mwenyewe, limeoshwa, na neno moja tu: "Aksanti."

Bidoni ya mafuta ilikuwa inapungua, na Jumapili ilikuwa inakuja. Nikafikiri labda lile panga uchi limenyonya unyevu wa ziwa. Nikaliweka juani juu ya bati, na mwenzake kando yake, ili nisionekane nabagua.

Saa sita ya mchana Koko akaja. Aliapa kutolala kwangu, hakuapa kutonilisha. Kila siku alikuja akichechemea na goti lake, akachungulia kama nimekula, akaniambia nimekonda, akarudi. Siku hiyo alisimama mbele ya bati, akainama.

Sisimizi walikuwa wamepanda. Lakini walipanda panga moja tu, lile uchi. Walilifunika toka shina hadi ncha, wakila kwa bidii. Lile jeupe hawakuligusa. Nami nikaona, katika joto la jua, mbao ikitoa jasho jekundu.

"Koko, ona! Sababu ya nini banapenda hii moja?"

Alifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Koko, unalia?"

Hakuwa analia.

"Kule Lubondja," alisema alipopata pumzi, "unafikiri bugali nilisonga na nini?"

Nilimtazama.

"Mzigo ulikuwa na sufuria. Ulikuwa na unga, chumvi, mawese. Muiko ulibaki Baraka, ukutani! Tulikimbia, nani anakumbuka muiko? Ningesonga na mukono? Nikafungua sanduku ya papa yako, nikaona ile mbao, ndefu, nzuri, imechongwa. Nikasema, Mungu ametuma."

"Na ile ngozi nyeupe?"

"Nikaitoa. Ingeyeyukia mu bugali."

"Papa alijua?"

"Papa yako alikula, akasema, mama, mukono yako haijapotea."

Sasa nilielewa yote. Miezi ile yote ya Lubondja, panga moja lilikuwa kazini, linakunywa maji ya moto na mawese ya sombe, mwenzake amelala sandukuni katika koti lake jeupe. Nilimweleza Koko taratibu, nikamwonyesha kwenye sindano: hili zito, hili jepesi, yakizunguka yanavutana kama watu wawili waliobeba kitanda, mmoja mrefu mmoja mfupi. Ndiyo maana inatetemeka. Ndiyo maana inapiga pwa, pwa.

Koko alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaliangalia goti lake.

"Kumbe mi njo nilijikimbiza mwenyewe."

"Njo vile, Koko."

Hapo tulicheka wote wawili, yeye ameketi juu ya sanduku, mimi chini, sisimizi wakipanda miguu yetu. Alipofuta machozi alichukua lile panga jeupe, akalipima mkononi kama mtu anayechagua samaki.

"Kama ndugu yake amekula," alisema, "na yeye ale."

Sikuwa na wazo lingine, na hilo lilikuwa na akili. Nilivua lile koti la plastiki, nikalisugua panga kwa majivu na sabuni hadi harufu ya mafuta ya injini ikaisha. Koko akalishika. Siku hizo tulikula bugali ya muhogo asubuhi, mchana na jioni, mama jirani akala, shefu akala, hata kwaya ikaitwa. Baada ya kusonga, Koko alilipaka mawese na kuliweka karibu na moto, kisha juani, kisha mimi nikaliweka kwenye sindano. Mara ya kwanza: to! Baadaye likashuka polepole zaidi. Baadaye lilisita, kama mtu anayefikiri. Shefu alipita akitafuna.

"Inaendelea aje, rubani?"

"Bado kidogo, shefu. Karibu tena kesho, ule."

"Kwa ajili ya amani, nitakula."

Na Jumamosi yakasimama sawa. Nilikata kipande kidogo cha tepu, kama ukucha, kumalizia. Nikapuliza upande mmoja: yakayumba, yakarudi, yakatulia mlalo. Nilimwita Koko aone. Aliona, akapiga kofi, kisha akakunja kitenge chake na kwenda kulala kwa mama jirani. "Mi nimesonga," alisema, "lakini masikio yangu inangoja kesho."

Jumapili watu walitoka kanisani na kuja moja kwa moja, na nguo zao nzuri, na mizigo yao kichwani. Hawakutaka kurudi tena nyumbani kuichukua. Walisimama barabarani, mwili ukinitazama, miguu ikitazama shamba la mihogo. Koko alikuwa mbele, mkono kwenye bega la mama jirani.

Nikavuta kamba. Injini ikashika. Mapanga yakaanza mwendo, na mwili wa helikopta, safari hii, ukatulia chini kama kuku anayelalia. Nilitaka kuimba. Lakini nilipoongeza mwendo, sauti ikaja: ndogo kuliko zamani, lakini ile ile. Pwa, pwa, pwa. Niliona mizigo ikitikisika. Mguu mmoja ukainuka, mwingine ukainuka. Shefu akanyoosha mkono: "Hakuna mutu anaenda! Bado!"

Nikazima haraka. Uzito ulikuwa sawa, basi ilibaki nini? Nikamkumbuka tena yule mgeni kiwanjani, amechuchumaa mbali, jicho likiwa usawa wa mapanga, akiyatazama kwa ubavu. Na ncha za mapanga yake zilikuwa na rangi, moja hivi, nyingine vile. Nikakata tepu vipande sawasawa, nyekundu kwenye ncha moja, nyeusi kwenye nyingine. Mapanga yote mawili yanatakiwa kupita njia moja. Kama moja linapita juu na jingine chini, kila moja linakata hewa iliyochafuliwa na mwenzake. Lakini mtu mmoja hawezi kushika vijiti na kuchungulia kwa ubavu pia.

"Nani ataniangalilia?" niliuliza.

Shefu alivuta kofia yake juu ya macho. Mama jirani alimtazama shefu. Kwaya iliangalia ziwa.

"Toka hapo," Koko akasema, akimsogeza mama jirani. "Ni miiko yangu. Nitaiangalia."

Alichechemea hadi nyuma ya kinu, mbali ya kutosha, akachuchumaa na goti lake baya, akabakiza macho tu juu ya ukingo. Nikawasha. Niliona kitenge kikitetemeka, lakini macho hayakushuka.

"Naona mbili!" alipaza sauti. "Ziko mbili, moja juu ya ingine!"

"Ya juu rangi gani?"

"Nyekundu! Nyekundu njo inajifanya kubwa!"

Nikazima. Kila panga lina kijiti chake chembamba cha chuma kinachoamua limeinama kiasi gani. Kijiti hicho ukikizungusha kinarefuka au kinafupika. Nikakizungusha cha nyekundu, nikawasha.

"Mubaya zaidi!" Koko akapiga kelele. "Zimegombana kabisa! Rudisha, we mutoto!"

Watu wakacheka. Hilo lilinisaidia kuliko chochote, maana mtu anayecheka huchelewa kukimbia. Nikarudisha, nikapita pale nilipoanzia, nikawasha tena.

"Karibu... nyekundu bado iko juu kidogo, unene wa mukeka!"

Nikagusa kidogo tu. Nikawasha.

Koko akainuka, taratibu, kinu kikiwa mbele yake, na kichwa chake chote kikaonekana.

"Imekuwa moja," alisema. Sikuhitaji apaze sauti, maana nilimsikia. Wote tulimsikia. Pwa, pwa ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa sauti ya cherehani ya fundi nguo siku ya kabla ya Noeli.

Nikasukuma kijiti. Ikaacha ardhi. Ikapanda hadi kwenye goti, hadi kiunoni, hadi usawa wa kofia ya shefu, ikasimama hewani bila kuegemea popote. Hakuna aliyekimbia. Wachache walitua mizigo yao chini. Yule kuku mzee alitoa kichwa, akatazama, akarudisha. Niliitua wakati mafuta ya bidoni yalipokuwa yakimalizika, mafuta ambayo hayauzwi Baraka wala wilaya nzima ya Fizi, na nadhani nilijua wakati ule kwamba haitapanda tena. Sikuhuzunika. Koko alikuwa tayari anapita kati ya watu, mkeka kichwani, akilalamika kwamba mtu huyu hajafagia lupango tangu aondoke.

Usiku ule nilisikia pumzi yake ng'ambo ya ukuta. Nililala kama jiwe.

Kesho yake alifungua mapanga kwenye helikopta bila kuniuliza, akayaosha, akayatundika ukutani jikoni. "Kwa vile haina mafuta," alisema, "itakaa bure sababu ya nini?"

Basi yalikuwa hapo, yote mawili, siku ambayo pwa, pwa ilirudi. Ilikuwa mchana, ilitoka upande wa milima, na ilikuwa kubwa. Watu wote wa barabara walisimama. Hawakukimbia. Walinigeukia mimi, wakitabasamu, na shefu akapaza sauti: "Rubani! Umepata mafuta wapi?"

Niligeuka kutazama ukuta wa jiko. Mapanga yalikuwa yametundikwa.

"Si yangu!" nilipiga kelele. "Si yangu!"

Sijawahi kuona kofia ikienda kwa kasi ile. Niliingia ndani. Kulikuwa na sanduku, na kulikuwa na Koko akihangaika kusimama na goti lake. Vitu viwili, na mgongo mmoja. Nilichuchumaa. Akapanda mgongoni kwangu kama mtoto, tulipopita jikoni mkono wake mmoja ukaachia bega langu kidogo, na tukakimbia.

Chini ya mihogo tulilala kifudifudi, bega kwa bega. Ile kitu ilipita juu, ikaenda zake ziwani, haikutufanya lolote. Kimya kikarudi. Koko alinigeukia, udongo puani.

"Sanduku?"

"Nimeiacha, Koko. Papa atanigombeza."

Koko akaingiza mkono chini ya kitenge, kifuani, akachomoa panga moja, halafu la pili, akayalaza kwenye majani kati yetu.

"Mwambie papa yako," alisema, "mara hii hatukusahau muiko."